Pepo wa Bei Nafuu

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Tanga mbele ya vijana wanaotengeneza filamu. Nayaweka hapa yote kwa waliokosa kufika. Picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Ndugu zangu, na nyinyi wadogo zangu mliobanana kule mlangoni, habari za jioni.

Nimeitwa niseme juu ya filamu za mapepo. Sizungumzii zile za mamilioni ya dola. Nazungumzia za pesa ya kuchangishana na kamera ya kuazima, ambazo ndani yake shetani anaingia nyumbani kwa watu, na mtu mmoja inambidi asimame apigane naye. Pale nje kuna bwana mmoja ameniuliza, "Kaka, kweli hizo nazo za kuhutubia?" Za kuhutubia sana, na leo atanisikiliza mpaka mwisho maana nimemwona alipokaa.

Naanza na swali. Pepo ni shilingi ngapi?

Msicheke, nauliza kweli. Ukitaka aonekane ana mabawa, ana pembe, anatema moto, utahitaji kompyuta za maana na watu wa kukaa mbele yake miezi mingi. Usipokuwa navyo, unapata kile tulichokiona wote: radi ya kijani inamtoka mchungaji kiganjani, inampiga mganga kifuani, mganga anageuka moshi, na moshi wenyewe umebandikwa pembeni kidogo ya pale aliposimama. Ukumbi mzima unacheka. Filamu ya kutisha ikichekwa mahali ambapo hukutaka ichekwe, ndugu yangu, ndiyo imekwisha hivyo.

Mimi ni mhariri. Kazi yangu ni kukaa na picha za watu usiku na kutafuta zilipo na uhai. Na katika kazi hiyo nimeshika neno moja ambalo ndilo limenileta hapa: pepo wa bei nafuu kuliko wote, na anayetisha kuliko wote, ni uso wa mtu unayempenda. Uso wa dada yako. Uso wa mke wako. Huyo hahitaji kompyuta. Huyo ndiye aliyewafanya watu wasio na kitu wajulikane dunia nzima. Na huyo huyo, tusipoangalia, anaweza kutuletea maafa hapa kwetu. Nitafika huko, nivumilieni.

Twende kwanza Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1979, vijana kutoka Michigan waliingia msituni karibu na mji wa Morristown, jimbo la Tennessee. Mwongozaji wao, Sam Raimi, alikuwa na miaka 20. Steringi, Bruce Campbell, alikuwa rafiki yake tangu shule. Studio hawana, jina hawana. Kabla ya hapo walikuwa wametengeneza filamu fupi ya nusu saa kwa dola 1,600 hivi, wakawa wanaibeba kwenda kuwaonyesha madaktari wa meno, mawakili, ndugu na jamaa: tupeni pesa, tutafanya kama hii, ila ndefu. Wakachangiwa. Filamu nzima, The Evil Dead, ikaja kugharimu kama dola 375,000. Kwetu ni nyingi, lakini kwa Hollywood hiyo ni pesa ya chai.

Kisa chenyewe hata mtoto anakielewa. Vijana watano wanakwenda kupumzika kwenye kibanda porini. Wanakuta kitabu cha ajabu na kanda ya sauti. Kanda inachezwa, maneno ya kitabu yanasomwa, na kule msituni kuna kitu kinaamka.

Kitu gani? Hukioni!

Sasa sikilizeni walivyofanya. Walichukua ubao, wakaifunga kamera katikati, mtu mmoja akashika ncha hii, mwingine ile, wakakimbia nao chini chini kati ya miti. Basi. Unachokiona kwenye filamu ni kitu kinachokuja mbio, kinapita juu ya madimbwi, kinaruka magogo, kinaelekea mlangoni. Pepo ni kamera. Wewe mtazamaji unakaa ndani ya macho yake, unawaona wale watoto wa watu wanavyojitahidi kufunga madirisha, na unajua hayatasaidia. Nani hapa hana ubao? Nani hapa hana binamu wawili wenye pumzi?

Halafu pepo anaingia ndani ya watu, na hapo ndipo ilipo kazi. Wa kwanza kuingiwa ni dada yake steringi. Wanamfungia chini ya sakafu, kwenye shimo lenye mlango wa mbao na mnyororo, na kutoka humo anachungulia. Macho yake ni meupe. Yale macho yalikuwa lenzi nene, ngumu kama kioo, za kufunika jicho lote. Mwigizaji akishavishwa haoni chochote, na baada ya kama robo saa lazima zitolewe jicho lipumue. Kwa hiyo yule mnayemwona anarusha mikono na kukwaruza, yule binti ni kipofu kwa muda ule. Anapapasa kweli. Hofu ile haikununuliwa.

Damu je? Shira ya mahindi, rangi ya chakula, na unga ule wa krimu wa kutia kwenye kahawa ili isipitishe mwanga. Damu ya sukari. Campbell amesimulia kwamba shati lake lililowa ile shira, wakalianika karibu na moto usiku maana ilikuwa baridi kali, na alipotaka kulivaa tena, shati likavunjika. Halikuchanika, lilivunjika. (Majirani zetu watengeneza filamu wa Wakaliga, Kampala, wao hujaza rangi nyekundu kwenye kondomu za bure, wakaziweka chini ya shati, zikapasuka risasi inapoingia. Kila mtu na duka lake la dawa.)

Lakini hayo yote ni ufundi, na ufundi unafundishika. Nataka tukio moja. Mpenzi wa steringi naye ameingiwa. Kijana anajua, maana kanda ile imesema, kwamba njia ni moja tu: mwili ukatwekatwe. Anambeba mpaka bandani, anamlaza juu ya meza, anamfunga mnyororo, anawasha msumeno wa injini. Msumeno unanguruma. Anautazama ule uso, na kwa wakati ule uso umerudi kuwa wake, umetulia, mzuri. Mkono haushuki. Anazima. Anakwenda kumzika mzima mzima, na nyinyi mnaojua sinema mnajua hilo litamtokea puani.

Tukio lile lilihitaji nini? Meza, msumeno, na waigizaji wawili. Na ndilo tukio lenyewe! Toa hilo, inabaki shira ya mahindi.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye ukumbi wa Redford, Detroit, tarehe 15 Oktoba 1981. Mwaka uliofuata Stephen King, mwandishi maarufu wa riwaya za kutisha, akaiona kwenye tamasha la filamu la Cannes, akaiandikia sifa, na milango ikafunguka. Uingereza kanda zake ziliburuzwa mahakamani kama uchafu. Na yule kijana wa ubao, Raimi, ndiye aliyekuja kuongoza Spider-Man ya mwaka 2002. Sitaki kukaa sana hapo, maana hadithi za waliofanikiwa zinalewesha.

Turudi Afrika. Magharibi walianza mapema. Mwaka 1987, Accra, William Akuffo alitengeneza Zinabu, filamu ya mchawi, kwa kamera ya VHS, wakati wasomi wa sinema wakisema video si filamu. Ghana ndiko walikokuwa wakizunguka vijijini na jenereta, televisheni na deki, na tangazo limechorwa kwa mkono kwenye gunia la unga. Mchoraji mara nyingine hata filamu hajaiona. Anachora nyoka watatu wanatoka kinywani mwa mwanamke, unalipa, unaingia, ndani hakuna hata mjusi. Na watu walirudi kesho yake.

Kisha Nigeria, 1992. Kenneth Nnebue alikuwa mfanyabiashara wa kanda, si mtu wa chuo cha sinema. Akatoa Living in Bondage, kwa Kiigbo, kwa VHS, ikaenda moja kwa moja sokoni bila kupita kwenye majumba ya sinema. Wengi wanaihesabu ndiyo mlango wa Nollywood. Andy ni kijana mjini, ana mke mwema anayeitwa Merit, hana pesa, na marafiki zake wanaendesha magari makubwa. Anawauliza mmepataje. Wanampeleka kwenye chama chao cha siri. Kule anaambiwa bei.

Bei ni Merit.

Na Andy analipa. Anapata magari, anapata nyumba. Halafu, akiwa katikati ya raha zake, mke wake aliyekufa anasimama mbele yake. Hana pembe huyo wala hakupakwa lami. Ni Merit tu, amesimama. Andy anapiga kelele mbele za watu, na watu wenyewe hawaoni kitu. Nauliza tena: pepo yule aligharimu shilingi ngapi?

Kanda za namna ile ndizo zilizotufikia kwenye vibandaumiza vyetu. Mliokulia Manzese, Tandale, Mombasa, mnajua ninachosema: benchi za mbao, joto, jenereta linapigana na sauti ya filamu, na mtafsiri anaongezea maneno ambayo hata mwandishi hakuyawaza. Hapo ndipo tulipojifunza sheria kwamba steringi hafi. Vijana wetu wakaanza kushuti za kwao. Mussa Banzi akatoa Nsyuka. Marehemu Steven Kanumba alivuka mpaka, akaigiza na Wanigeria, na katika Devil Kingdom tukamwona yeye na Ramsey Nouah.

Sasa niseme linaloniuma, na msinishitaki kwa paroko wala kwa shehe. Linaloniuma ni dakika tano za mwisho.

Mnazijua. Pepo ametesa familia saa nzima. Ameua watu. Mlango unagongwa, anaingia mtumishi wa Mungu ambaye hatujawahi kumwona tangu filamu ianze, suti imepigwa pasi, anakemea mara tatu, pepo anatoka, familia inakumbatiana, muziki. Mimi nasali, na sina ugomvi na maombi. Nauliza tu: nani alilipa? Pambano ambalo shujaa hakupoteza kitu si pambano. Hata Andy mwisho wake ni kanisani! Lakini kabla ya kufika pale mlangoni amempoteza mke, amepoteza mali, amepoteza akili, amelala mitaani. Anapopiga magoti, magoti yale yana historia. Wa kwetu anapiga magoti kwa sababu kanda inakaribia kuisha.

Na jambo la kushangaza ni kwamba sisi watu wa pwani tuna pambano letu, tena tamu, na hatulipigi picha.

Mnafikiri fundi anayepunga pepo anapigana kwa msumeno? Anapigana kwa kukemea? Anabishana bei. Nilipokuwa mtoto, jirani yetu mmoja hapa hapa Tanga alikuwa akipandisha. Mama mpole, muuza vitumbua, hata kuku hamfukuzi kwa sauti. Ilipopigwa ngoma na chetezo kupitishwa chini ya shuka, ilimtoka sauti nzito, nene, ya mwanamume mwenye dharau. Fundi hakushtuka. Akamuuliza, wewe nani? Kimya. Umetoka wapi? Kimya. Unataka nini kwa mtoto wa watu? Hapo ndipo ikaanza orodha: kitambaa chekundu, marashi, pete ya fedha, karamu ya siku saba. Fundi akasema siku saba hatuna, tuna tatu. Yule akacheka. Akasema, basi namchukua. Na mume wa yule mama amekaa pembeni kwenye mkeka anahesabu moyoni pesa ya kitambaa, jasho linamtiririka.

Niambieni kama hilo si sinema! Chumba kimoja. Mkeka. Moshi wa ubani, ambao ni moshi wa kweli na utakaa pale pale ulipo. Mwigizaji mmoja mwenye sauti mbili. Na mume anayejua kwamba akikataa bei, kiti kitavunjika, na kiti ni mke wake. Kule Unguja kuna kibuki, mashetani wa kutoka Bukini, yaani Madagaska, wao wanadai brandi. Kuna wa Kihabeshi wenye madoido ya kifalme, kuna wa Kimasai. Kila mmoja na lugha yake, adabu zake, madai yake. Hollywood haina utajiri huo. Fundi anapigana usiku kucha kwa maneno, na kila neno lina gharama. Tena mara nyingi pepo haondoki kabisa. Anatulizwa, wanakubaliana, anaishi humo humo, na mwakani atadai tena. Jaribu kumaliza filamu namna hiyo uone kama watu watalala.

Sasa nafika kwenye lile nililowaahidi, na hapa sitatania.

Nimesema uso wa mtu ndio pepo wa bei nafuu. Uso wa nani?

Miaka iliyopita nilipewa filamu moja niihariri. Sitaitaja. Mchawi wake alikuwa bibi kizee, na mtu wa mekapu alikuwa amepata lenzi nyekundu, anaringa nazo. Kila bibi akitaka kuua, kamera inaingia machoni: mekundu. Ilikuwa imeshutiwa vizuri, sikatai. Tulipoionyesha kwa watu wachache kabla haijatoka, kulikuwa na mzee mmoja wa Shinyanga, mlinzi wa jengo, tulimkaribisha tu aketi. Ilipokwisha wengine walipiga makofi. Yeye akasimama, akasema, "Wanangu, hii msiipeleke kwetu." Akarudi getini.

Mnajua kwa nini. Usukumani mauaji ya vikongwe si hadithi. Akina mama wazee wamekatwa mapanga usiku, kosa lao macho mekundu. Na macho yale yamekuwa mekundu kwa sababu mama amepikia kuni na samadi, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, maisha yake yote. Moshi! Amewalea wanawe kwa moshi ule, na moshi ule ndio ukawa ushahidi. Mpiga ramli anaelekeza kidole tu. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wa ramli chonganishi, baada ya ndugu zetu wenye ualbino kuwindwa kama wanyama. Kenya, Mei 2008, huko Kisii watu 11 walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wazee. Nigeria, jimbo la Akwa Ibom, watoto walifukuzwa majumbani, wakateswa, kwa kuitwa wachawi, na watetezi wa watoto walilalamikia wazi filamu moja ya kanisa ya mwaka 1999 iliyoonyesha watoto wakila watu usiku. Jimbo lile ilibidi mwaka 2008 litunge sheria: kumwita mtoto mchawi ni kosa la jinai.

Najua mtakachosema. "Kaka, ni filamu tu." Basi kama ni filamu tu, mbona mnataka iogopeshe? Huwezi kudai kazi yako ina nguvu siku ya kuuza tiketi, halafu udai haina nguvu siku ya mazishi.

Na sasa rudini muangalie filamu zile mbili nilizozisifu. Kule Tennessee, nani anaingiwa na pepo? Vijana wenye afya, wazuri, waliokuja kustarehe. Hata steringi hakuachwa: picha ya mwisho kabisa, jua limechomoza, amedhani amepona, ile kamera ya mbio inapita ndani ya nyumba yote na kumfikia kinywani. Na Lagos, uovu unakaa wapi? Kwa bibi wa kijijini? Unakaa kwa wanaume wenye nguo za gharama na magari mapya, watu wanaopewa kiti cha mbele kwenye harusi. Nnebue alimpeleka pepo kwa wenye nguvu. Hakuna kikongwe aliyepigiwa mlango usiku kwa ajili ya ile hadithi.

Sisi tunampeleka kwa nani? Kwa bibi, kwa mjane aliyebaki na shamba, kwa mtoto wa kambo, kwa mwenye ualbino, kwa mama mkwe. Tunampeleka kwa mtu ambaye tayari mtaa unamtazama kwa jicho baya. Huo ni uvivu wa mwandishi kabla hata haujawa dhambi, maana hakuna anayeshtuka: mtazamaji alishamshuku tangu tangazo. Mpeleke pepo kwa afisa mikopo. Mpeleke kwa mjomba anayesomesha ukoo mzima, ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza anapata wapi. Hapo mke wake atakapoliona lile jambo, atamwambia nani? Nani atamwamini? Tayari una filamu, na hujatumia senti.

Siku hizi vijana wakiniletea skripti, nafungua moja kwa moja ukurasa anapotokea mtu mzee wa kwanza, nasoma anafanya nini. Kama kazi yake ni kukohoa gizani na kutoa macho, narudisha. Wananinunia. Mmoja alininunia mwezi mzima, kisha akarudi na bibi yule yule, safari hii ndiye fundi, ndiye anayekaa na pepo mpaka alfajiri anapunguza bei, na pepo yumo ndani ya mwanawe wa kiume, mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Bibi anajua mwanawe mwenyewe ndiye aliyemwita.

Kijana yule yuko hapa, amevaa kofia, anajificha nyuma ya nguzo. Anashuti Pangani mvua zikikatika. Steringi amempata, kamera ameazima. Anatafuta mama wa makamo mwenye sauti mbili na asiyeogopa kukesha. Kama uko humu, au una shangazi wa namna hiyo, muone kabla hatujatawanyika. Haya, maswali. Tuanze na wazee.